Mtoto Mtulivu Asiyenyonya

Kwetu pwani mtoto mchanga anayelala bila kusumbua husifiwa sana. Wageni waliokuja kumpongeza mzazi wanakunywa chai, mtoto anapakatwa na huyu na yule, hafumbui jicho, na kila anayempokea anasema mashallah, mpole kama babu yake. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na sifa hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mtoto wa siku moja au mbili anayelala mfululizo, akiwekwa kwenye titi asilishike, au akavuta mara mbili akaachia, hapaswi kusifiwa na mtu. Anapaswa kuwa njiani kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha.

Jioni moja bibi aliniletea mjukuu wake amefunikwa leso mbili, mama wa mtoto akimfuata nyuma kwa hatua za mtu aliyetoka kujifungua.

"Sista, tangu adhuhuri hataki ziwa," alisema bibi. "Lakini halii, wala hana homa. Mtulivu tu."

Nilimfunua. Kila pumzi ilitoka na mkoromo mfupi, mbavu zikiingia ndani, na ngozi yake ilikuwa baridi mkononi mwangu. Kukosa homa kulikomtuliza bibi ndiko kulikonitisha mimi, kwa sababu mtoto mchanga mwenye maambukizi makali mara nyingi hupoa badala ya kuchemka. Nikamgeukia mama nikamuuliza chupa ya uzazi ilipasuka lini. Jumatatu asubuhi, alijibu, alipokuwa akiteka maji. Mtoto alizaliwa Jumanne usiku. Walipofika kwangu ilikuwa Jumatano, magharibi. Kituo alichojifungulia hakuna aliyemuuliza swali hilo. Mtoto alilia vizuri, uzito ulikuwa mzuri, asubuhi wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Tulimpa oksijeni, penisilini na gentamisini, tukahangaika kumpa joto. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri. Damu tuliyopeleka maabara ioteshwe, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe hadi vitambulike, ilirudisha majibu baada ya maziko. Kwenye karatasi iliandikwa streptokoki kundi B.

Bakteria huyu anauawa na penisilini ya kawaida, ile ya zamani, ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kilichomo kwenye kabati la dawa. Wakati vijidudu vingine vya wodi za watoto wachanga vimejifunza kuzipiga chenga dawa zetu moja baada ya nyingine, huyu bado hajaweza kuishinda penisilini, na ni nadra sana kumkuta anayejaribu. Mtoto yule hakukosa dawa. Dawa ilikuwepo, ila ilimfikia amechelewa kwa saa kadhaa.

Huyu bakteria ni nani hasa? Huishi matumboni mwa watu wazima wengi, wanaume kwa wanawake, bila kuwadhuru, na kwa mwanamke hufika pia ukeni. Haleti harufu, muwasho wala uchafu, kwa hiyo anayembeba hana njia ya kujua. Miezi hii yupo, miezi ijayo hayupo, kisha anarudi. Duniani karibu wajawazito 18 kati ya kila 100 wanaye wakati wowote ule. Hajaletwa na kutokuoga, wala si ugonjwa wa zinaa. Nalisisitiza hili la mwisho kwa sababu nimeona mume akirudi na karatasi ya maabara mkononi na macho yamebadilika, na mama ambaye ndio kwanza amezika akitakiwa ajieleze alikuwa na nani. Alikuwa na matumbo yake mwenyewe, kama wewe ulivyo na yako. Wauguzi wenzangu, mkimpa mtu majibu haya, msimpe karatasi tu akaenda nayo nyumbani. Kaeni naye, mwiteni na mumewe, waelezwe wote wawili kwa pamoja.

Wataalamu walimjua kwanza kwa ng'ombe. Mwaka 1887 Wafaransa Nocard na Mollereau walimweleza kama chanzo cha ugonjwa wa kiwele unaokausha maziwa. Mwaka 1933, huko New York, Rebecca Lancefield aliwapanga streptokoki katika makundi kwa herufi, na huyu wetu akaangukia herufi B. Miaka mitano baadaye daktari Fry wa Uingereza alieleza wanawake 3 waliofariki kwa bakteria huyu baada ya kujifungua. Halafu ikapita miaka mingi akichukuliwa kuwa wa kawaida tu, hadi kufikia miaka ya 1970 madaktari wa watoto Marekani na Ulaya walipojikuta anaongoza kuwaua watoto waliozaliwa wakiwa wazima kabisa. Siku hizo, kati ya watoto wawili waliougua, karibu mmoja alifariki.

Njia yake ni fupi. Chupa ikishapasuka, bakteria hupanda kutoka ukeni hadi kwenye maji aliyomo mtoto, na mtoto huyavuta mapafuni na kuyameza. Wakati mwingine hupanda hata chupa ikiwa haijapasuka, na hapo mtoto anaweza kufariki tumboni kabla uchungu haujaanza. Asiyepata tumboni anaweza kupata njiani akizaliwa. Mama anayembeba bakteria, asipopewa dawa, humwachia mtoto wake karibu nusu ya nyakati, na wengi wa watoto hao hawapati neno. Hubaki naye kwenye ngozi na utumbo kama sisi sote. Mmoja au wawili kati ya 100 ndio wanaougua. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusema ni wachache. Lakini mama wanaombeba ni mamilioni kila mwaka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine ya mwaka 2021 ilikadiria vifo karibu 150,000 kwa mwaka, ukijumlisha watoto wachanga na waliozaliwa wakiwa wamefariki, na zaidi ya mimba 500,000 zinazozaa kabla ya wakati zikihusishwa naye. Sehemu kubwa ya vifo hivyo iko Afrika.

Utafiti ninaoutegemea zaidi katika haya ninayoyasema haukufanyika mbali. Ulifanywa hapa hapa pwani ya Kenya na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, mpango wa utafiti wa tiba ulioko Kilifi, ukachapishwa mwaka 2016. Wanawake 7,967 waliofika kujifungua walikubali kuchukuliwa sampuli, wengine wakiwa katikati ya uchungu, na jambo hilo peke yake linanifanya niwavulie kilemba. Waliokutwa na bakteria walikuwa 934, yaani asilimia 12. Ni chini ya wastani wa dunia, na kama utafiti ungeishia hapo tungeambiana kwamba hili ni tatizo la wazungu. Kumbe watoto walioumwa walikuwa wakifa kwa kasi ya kutisha. Kati ya watoto 36 waliougua wiki ya kwanza na kutibiwa, 17 walifariki. Hao ni waliofika hospitalini wakatibiwa. Wengi walikuwa wakifa ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na watafiti wenyewe waliandika kwamba waliozaliwa nyumbani na kufia nyumbani yaelekea hawakuhesabiwa na mtu.

Kuna jingine waliloliona Kilifi ambalo mimi husimulia kila ninapofundisha wakunga wapya. Bakteria hawa wana koo zao. Ukoo mmoja, unaoitwa CC17, ulipatikana kwa asilimia 29 tu ya akina mama waliobeba bakteria, lakini ulikuwa ndio uliowaumiza watoto 51 kati ya 73 ambao bakteria wao walichunguzwa ukoo. Yaani kuna streptokoki kundi B wa kukaa naye miaka na kuna anayevuka kwenye ubongo wa mtoto. Na wanawake maskini, wenye lishe duni au wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, ingawa walibeba bakteria mara chache kuliko wenzao, walipombeba walielekea kuwa na ukoo huo mkali. Niliposoma hilo niliweka karatasi chini nikakaa kimya kwa muda.

Marekani walipambana naye kwa njia mbili, kumtafuta na kumwahi. Mwaka 1986 madaktari Boyer na Gotoff wa Chicago walionyesha kwamba mama mwenye bakteria akichomwa ampisilini wakati wa uchungu, mtoto hulindwa. Tangu mwaka 2002 kila mjamzito huko anatakiwa kupimwa mwisho wa ujauzito, siku hizi katika wiki ya 36 au ya 37, kwa pamba inayopitishwa ukeni na kwenye njia ya haja kubwa. Akikutwa naye, anatundikiwa penisilini uchungu unapoanza, na inafaa iwe imeingia mwilini angalau saa nne kabla ya mtoto kuzaliwa. Vidonge vya mapema havisaidii, kwa sababu bakteria akifukuzwa mwezi wa saba atakuwa amesharudi mwezi wa tisa. Ugonjwa wa wiki ya kwanza huko ulishuka kutoka takriban watoto 1.8 hadi 0.2 kwa kila 1,000 wanaozaliwa. Uingereza, kwa upande wao, hawampimi kila mjamzito. Hutazama dalili za hatari ndipo watoe dawa, na ubishi juu ya njia ipi bora bado unaendelea kule.

Wajawazito wanaosoma mitandaoni huniuliza mbona kliniki zetu hazina kipimo hicho. Sitaki kuwadanganya kwamba ni uzembe mtupu. Pamba ile inahitaji maabara inayoweza kuotesha, siku mbili za kusubiri, majibu yanayorudi kwenye kadi ya mama kabla hajajifungua, na kituo chenye mtu wa kumtundikia dripu saa nane za usiku. Kama mwenye uwezo wa kupimwa katika hospitali ya binafsi yupo, na apimwe. Lakini mimi, nikipewa shilingi moja ya bajeti leo, sitaiweka kwenye pamba kwanza. Nitaiweka kwenye saa ya ukutani na kalamu.

Nasema saa na kalamu kwa maana hii. Saa ya kupasuka kwa chupa iandikwe. Kila mama anayeingia leba aulizwe, aandikiwe, na anayepokea zamu aisome. Aulizwe pia kama aliwahi kupoteza mtoto wa siku chache, na kama katika ujauzito huu aliwahi kuambiwa mkojo wake una bakteria, maana kuwa na streptokoki kundi B kwenye mkojo ni dalili kwamba wamejaa. Apimwe joto lake, akiwa na homa wakati wa uchungu isiandikwe tu kisha ikasahauliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya chupa kukaa imepasuka zaidi ya saa 18, au ambaye mama yake alikuwa na homa, au maji yalinuka, aanzishiwe ampisilini na gentamisini kwa siku 2 angalau, hata akiwa anaonekana mzima. Mtoto wa yule mama wa Jumatatu angekuwa wodini anachomwa sindano, si nyumbani anapokea wageni.

Na mama mwenyewe ana haki ya kuisema saa hiyo bila kuulizwa. Mwanangu, ukiona maji yametoka, tazama saa, iandike hata kwenye simu, na ukifika sema: chupa ilipasuka saa fulani. Usingoje uchungu ndipo uondoke nyumbani. Usijioshe ndani kwa dawa wala majani ukidhani unamsafishia mtoto njia. Huko Soweto, Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 8,000 walishiriki jaribio la kufutwa njia ya uzazi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu ya hospitali, na haikuwakinga watoto. Hivi karibuni, mwaka 2023, jaribio kubwa la wanawake zaidi ya 29,000, wakiwemo wa Kenya na Kongo, lilionyesha dozi moja ya vidonge vya azithromisini wakati wa uchungu inapunguza kwa theluthi moja maambukizi makali na vifo kwa mama. Kwa watoto haikubadilisha kitu. Ni habari njema kwa mama, na ningependa tuitumie, lakini tusiichanganye na kinga ya mtoto.

Dalili kwa mtoto mchanga ni chache na kila bibi anaweza kuzijifunza. Anakataa ziwa au hawezi kulivuta. Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika, au anakoroma, au kifua kinabonyea. Ana joto la nyuzi 37.5 na kuendelea, au amepoa chini ya 35.5. Ameshtuka au kukakamaa. Hachezi mpaka aguswe. Moja tu ya hizi inatosha. Watu hupenda kusubiri ya pili ili wahakikishe, na ikitokea ya pili mara nyingi mtoto amekwisha nguvu.

Wiki ya kwanza ikipita salama watu huvuta pumzi, na hapo ndipo ugonjwa wa aina ya pili huja, kuanzia siku ya 7 hadi ya 89. Huu hauzuiwi na sindano ya wakati wa uchungu. Mtoto anaweza kumpata bakteria kwa mama, kwa ndugu, au kwa mikono ya sisi wahudumu, ndiyo maana nasisitiza mikono ioshwe na kila anayempakata. Mara nyingi unashambulia ubongo, yaani homa ya uti wa mgongo, na unaangukia katikati ya arobaini. Naiheshimu arobaini. Mama anapumzika, anakandwa, analishwa, na hilo ni jambo jema ambalo nchi nyingi hazina. Lakini nimepokea watoto waliokaa na degedege siku mbili chumbani kwa sababu mzazi hatoki kabla ya arobaini, au kwa sababu ilidhaniwa ni nyuni na mganga akaitwa kwanza. Mtoto ambaye utosi wake umevimba, anayelia kilio chembamba akinyanyuliwa, anayekakamaa upande mmoja, atolewe nje siku yoyote ile. Matibabu yake ni sindano kwa wiki mbili au zaidi, na kila siku inayopotea kabla hazijaanza huchukua kitu. Wapo waliopona kabisa, wanakimbia shuleni. Wapo waliobaki na kifafa, uziwi, au mtindio wa ubongo, na mama zao wakabaki nao peke yao wageni walipomaliza kutembelea. Vipimo vya masikio vifanywe mapema kwa kila mtoto aliyepona homa hiyo. Ukigundua uziwi akiwa mchanga unaweza kumfundisha lugha ya alama kabla hajapoteza miaka.

Kunyonyesha kusiachwe. Huulizwa sana, na jibu ni hilo.

Sasa nije kwa watu wazima, maana wengi hawajui kwamba wamo. Ami yangu ana sukari ya siku nyingi. Kandambili mpya zilimchubua kidole, akapaka mafuta ya nazi, akaendelea na shughuli zake za duka. Mguu wa mwenye sukari ya siku nyingi hauhisi vizuri, kwa hiyo hakulalamika. Tulijua kuna jambo alipoanza kuzungumza maneno yasiyounganika wakati wa chakula, akitetemeka. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Damu yake ilipooteshwa, jina lilikuwa lile lile ninaloliona kwenye wodi ya watoto wachanga. Shangazi alidhani maabara wamechanganya chupa.

Hawakuchanganya. Huko Marekani, sasa ambapo watoto wengi wanakingwa, wagonjwa wengi wa streptokoki kundi B aliyeingia kwenye damu ni watu wazima wasio wajawazito: wazee, wenye sukari, wenye saratani, wenye ini bovu, waliolazwa kitandani baada ya kiharusi. Huingia kupitia kidonda, ngozi iliyopasuka, njia ya mkojo, na anaweza kwenda kukaa kwenye mfupa, kwenye goti, au kwenye vali ya moyo. Tiba ni penisilini hiyo hiyo, ila mtu mzima mara nyingi anahitaji pia kisu, usaha utolewe na nyama iliyokufa ikatwe. Ami alipoteza vidole viwili na akabakiwa na mguu. Nchi yetu inazidi kuwa na watu wa sukari, na wazee wanaishi zaidi kuliko babu zao, kwa hiyo nategemea kumwona bakteria huyu zaidi kwenye wodi za watu wazima. Anayeishi na sukari na atazame nyayo zake kila usiku, au mjukuu amtazamie. Kidonda chenye wekundu unaosambaa, pamoja na homa au kuchanganyikiwa, ni cha hospitali usiku huo.

Kuna pia upande wa wanyama ambao haujazungumzwa vya kutosha. Mwaka 2015 Singapore ilipata mlipuko wa watu wazima, wengine wakiwa hawana ugonjwa wowote wa awali, walioumwa baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi. Aina iliyohusika iliitwa ST283, na serikali ikapiga marufuku migahawa kuuza samaki hao wakiwa wabichi. Kwetu samaki hupikwa, alhamdulillahi. Hapa Kenya bakteria huyu amepatikana kwa ngamia, akiwaletea ugonjwa wa kiwele. Kwa wafugaji wa kaskazini wanaotegemea maziwa hayo ni hasara ya nyumbani tayari, na ningependa madaktari wa mifugo na sisi tukae meza moja mara nyingi zaidi.

Nimeiacha chanjo mwisho kwa sababu ndiyo ninayoiombea. Mwaka 1976 Carol Baker na Dennis Kasper walionyesha kwamba watoto walioumwa walikuwa na mama wenye kinga kidogo dhidi ya ganda linalomfunika bakteria huyu, ambalo lina aina kadhaa. Mama mwenye kinga ya kutosha humpitishia mtoto kupitia kondo, mtoto anazaliwa nayo tayari. Kwa hiyo mama akichanjwa mjamzito, kama anavyochanjwa pepopunda, mtoto angekuwa amelindwa popote atakapozaliwa, hospitalini, nyumbani au njiani kwenye tuktuk, bila pamba, bila dripu, na hata katika ile miezi mitatu ambayo sindano ya uchungu haiifikii. Ni karibu nusu karne tangu jambo hilo lijulikane, na hadi leo hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Mwaka 2023 zilichapishwa habari za chanjo ya kampuni ya Pfizer yenye maganda ya aina 6, iliyojaribiwa kwa wajawazito wa Afrika Kusini, na kinga yao ilionekana ikivuka hadi kwa watoto. Kampuni ya MinervaX ya Denmark inajaribu nyingine iliyotengenezwa kwa protini, na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda wamo katika majaribio hayo.

Kule Kilifi watafiti walipiga hesabu: chanjo yenye maganda ya aina 5 ingewafikia bakteria waliowaumiza watoto 72 kati ya 73. Hesabu hiyo imetokana na miili ya wanawake wetu na damu ya watoto wetu. Nimeona chanjo nyingine zikifika kwetu miaka mingi baada ya nchi tajiri kushiba, na sitaki kuiona hii ikipita njia hiyo. Wizara za afya za Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo zinaweza kuanza sasa kujadili bei na wenye kampuni, kuandaa nafasi yake katika kliniki za wajawazito kando ya ile ya pepopunda, na kuhesabu watoto wanaofia nyumbani, ili siku itakapoidhinishwa iwe na mahali pa kwenda. Wawakilishi wetu wa kaunti waulizwe jambo hilo kwenye mikutano, kwa jina lake, na waulizwe tena.